Alokasia za mabaka: Kigoma tukuze ustadi, tusinunue uadimu

Katika biashara ya samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani kuna samaki anayeuzwa kwa jina la Frontosa wa Kigoma. Ana mistari saba myeusi na nundu kwenye paji la uso, na wanaomfuga hulitaja jina la mji wetu bila kujua Kibirizi iko wapi. Ukoo wake ulitoka kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, mikononi mwa wapiga mbizi wa huku, ukasafiri ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Mwanzoni aliyemtaka samaki huyo hakuwa na njia ila atolewe ziwani. Baadaye wafugaji wa ng'ambo wakajifunza kumzalisha kwenye matangi yao, wakaanza kuuziana vifaranga wao kwa wao, na sehemu kubwa ya biashara hiyo ikawa haina haja tena ya kupita Kigoma.

Huwa namkumbuka samaki huyo ninapomsikia mtu wa mjini hapa akipanga kutoa akiba yake yote kununua alokasia moja, ua la ndani linalopendwa kwa majani yake, yenye mabaka meupe, kwa hoja kwamba ni adimu na kwa hiyo itamlipa. Maua ya ndani yamepata wapenzi kwenye sebule na vibaraza vya Mwanga, Katubuka na Ujiji, na mimi ni mmoja wao. Naipenda mimea hii na ningependa kuiona kila nyumba. Lakini hoja ya uadimu siikubali. Kigoma ina nafasi nzuri kwenye alokasia, ila nafasi hiyo iko mahali ambapo wanunuzi wengi hawapatazami.

Alokasia ni ndugu wa magimbi. Ukoo ni mmoja, Araceae, na mtu akiiona Alocasia macrorrhizos iliyokomaa anaweza kudhani ni jimbi lililopitiliza kimo. Asili ya alokasia ni Asia ya kitropiki hadi mashariki mwa Australia. Afrika hatuna alokasia ya asili. Borneo imetoa baadhi ya zile zinazogombewa zaidi, kama Alocasia baginda, yenye jani gumu lililojikunja mithili ya magamba, na Alocasia azlanii, ndogo, nyeusi, yenye mng'ao wa waridi kwenye mishipa. Zote mbili zilipewa majina ya kisayansi ndani ya karne hii tu. Utomvu wa alokasia una fuwele za kalsiamu oksalati, zilezile zinazowasha koo ukila jimbi lisiloiva vizuri, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo au mbuzi anayezurura uani aziweke mbali.

Sasa hayo mabaka. Kwenye ncha inayokua ya mmea kuna tabaka za seli zinazogawanyika bila kukoma, na kila jani jipya hujengwa kutokana na tabaka hizo. Ikatokea seli moja ikapatwa na badiliko la vinasaba na kupoteza uwezo wa kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani ya mmea, basi seli zote zitakazozaliwa kutokana nayo zitakuwa nyeupe au za manjano. Mmea unakuwa na jamii mbili za seli ndani ya mwili mmoja, na wataalamu huuita kimera. Kinachoamua sura ya jani ni mpangilio. Seli nyeupe zikishika upande mmoja wa ncha, unapata jani lililogawanyika katikati, nusu kijani na nusu jeupe. Zikichanganyika, unapata matone na michirizi. Zikitawala, linatoka jani jeupe pe, ambalo kwenye picha linashinda yote kwa uzuri, na kwenye mmea ni mzigo, maana halifanyi usanisinuru. Linalishwa na majani ya kijani. Majani ya namna hiyo yakifuatana matatu au manne, mmea mdogo hufa njaa hata kama maji, mbolea na kivuli vipo.

Ndiyo maana alokasia ya mabaka hukua polepole kuliko ya kijani, huungua jua upesi, na haina ahadi. Sehemu ya kijani ina nguvu zaidi. Ikipata mwanya huizidi ile nyeupe mpaka mmea mzima urudi kijani. Mbegu hazisaidii, kwa sababu kimera hakipiti kwenye mbegu kama kilivyo. Mkulima hutegemea vijigimbi vinavyoota kuzunguka shina chini ya udongo, navyo ni bahati nasibu. Kilichochipuka upande wa seli za kijani kitatoa mmea wa kijani. Cha upande mweupe kitatoa chipukizi jeupe litakalokufa. Kilichobeba seli za pande zote mbili ndicho kila mtu anachokitaka, na kwa kukitazama tu kingali kikavu huwezi kukitofautisha na wenzake. Anayeuza kijigimbi kikavu na kukiita cha mabaka anauza tumaini kwa bei ya mmea, na nadhani jambo hilo si la haki. Muuzaji mwaminifu angoje jani la tatu lifunguke ndipo ataje bei.

Uadimu unazaliwa hapo: mmea unaokua taratibu, usiozaa kwa uhakika, na watu wengi wanaoutaka kwa wakati mmoja. Kipindi cha korona, watu walipofungiwa majumbani kwenye nchi nyingi, hamu ya maua ya ndani ilipanda na bei ikaifuata. Juni 2021, kwenye mnada wa mtandaoni huko New Zealand, Rhaphidophora tetrasperma yenye mabaka meupe, mmea wa majani yasiyofika kumi, ilinunuliwa kwa dola 19,297 za nchi hiyo. Haikuwa alokasia, lakini ni ya ukoo huohuo wa Araceae. Alokasia aina ya Frydek yenye mabaka, ile yenye jani la mahameli na mishipa myeupe, miaka hiyo iliuzwa kwa mamia ya dola za Marekani. Leo inapatikana kwa makumi. Watu hawakuacha kuipenda. Kilichoingia kati ni maabara.

Mwaka 1962 Toshio Murashige na Folke Skoog wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha fomula ya chakula cha kukuzia tishu za mimea, na hadi leo maabara nyingi duniani huanzia kwenye fomula hiyo. Wakulima wetu wanaijua kazi yake kupitia migomba ya tishu. Kipande kidogo cha ncha huwekwa kwenye chupa yenye sukari, madini na homoni. Kinachipua, kinagawanywa, kinachipua tena. Kwa mmea wa kijani hesabu ni nyepesi. Kimera kina kikwazo chake, kwani machipukizi yakitokea kwenye seli za tabaka moja tu, mabaka hupotea. Lakini mwenye chupa maelfu anaweza kumudu hasara hiyo: anazalisha kwa wingi, anachambua, anatupa miche ya kijani na kubakiza yenye mabaka. Tena katika wingi huo hutokea mabaka mapya ambayo mmea mama hakuwa nayo. Kila alokasia inayoitwa adimu leo iko kwenye foleni ya kuingia chupani, na aliyeinunua kwa bei ya uadimu hana namna ya kujua foleni itamfikia lini.

Kuna wanaozilaani maabara kwa sababu zimewavunjia thamani ya walichonacho. Mimi nazishukuru. Mwaka 2020 serikali ya Ufilipino ililazimika kutoa onyo dhidi ya watu wanaong'oa mimea ya mapambo misituni, na Alocasia sanderiana na Alocasia zebrina, zote za nchi hiyo, ziko kwenye orodha yake ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Mche wa chupa unapokuwa rahisi kuliko wa kung'oa, msitu unapumzika. Kwa sisi wa Kigoma kuna sababu nyingine, na hiyo ndiyo naiona kubwa.

Mche wa chupa haujui dunia. Umekulia kwenye unyevu unaokaribia asilimia mia, ukilishwa sukari, na ngozi ya majani yake ni nyembamba kiasi cha kushindwa kuzuia maji yasitoke. Hata vile vitundu vya kupumulia havijazoea kufunga. Ukiutoa na kuuweka mezani, unanyauka siku hiyohiyo. Ni lazima uoshwe chakula cha chupa mizizini, upandwe kwenye mchanganyiko mwepesi, ufunikwe, kisha ufunuliwe kidogokidogo kwa wiki kadhaa mpaka ujifunze hewa. Hapo ndipo miche mingi hufia. Kwa hiyo bei ya mche ulio chupani na bei ya mche uliokwisha kuzoea udongo, wenye majani matatu au manne yaliyokua nje, haziwezi kulingana. Tofauti hiyo ni malipo ya ustadi. Maabara haiwezi kuifuta, kwa sababu inazidi kuleta miche ya kulelewa.

Na kulea miche tunaweza. Tangu serikali ilipoanza kufufua zao la michikichi mkoani hapa mwaka 2018, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikawa kitovu cha utafiti wa zao hilo, wapo watu wengi Kigoma waliojifunza kitalu kwa vitendo: kuotesha mbegu ngumu, kupanga mifuko, kupima kivuli, kuuhudumia mche mwaka mzima kabla ya kuupeleka shambani. Huo ni mtaji. Kijana aliyeweza kulea mchikichi kwa miezi kumi na miwili hatashindwa kulea alokasia kwa miwili, akielekezwa tofauti zilizopo.

Historia inaniunga mkono. Ua dogo la zambarau la Usambara lililochukuliwa mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa huko Tanga, likapelekwa kwa baba yake Ujerumani na kupewa jina Saintpaulia mwaka uliofuata, sasa liko madirishani dunia nzima. Zamioculcas zamiifolia, ule mmea wa majani mazito yanayong'aa unaopatikana kwenye ofisi nyingi, asili yake ni Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Nao ni ndugu wa alokasia. Ulijulikana kwa sayansi tangu karne ya 19, lakini uliingia kwenye biashara kubwa baada ya vitalu vya Uholanzi kuanza kuuzalisha kibiashara miaka ya 1990. Leo Mtanzania anaweza kuununua kama ua la kigeni. Aliyefaidika katika visa vyote viwili, kama katika kile cha samaki, ni aliyejua kuzalisha na kulea. Kuwa na asili ya kitu hakukutosha. Basi na kukosa asili ya alokasia kusituzuie.

Mkusanyaji wa Berlin anaweka alokasia zake ndani ya kabati la kioo, anawasha taa, anaendesha mashine ya kutoa mvuke, na analipia umeme wa vyote hivyo. Sisi kuanzia mvua za Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei tunapewa joto na unyevu huo bure, chini ya mwembe au kwenye kibaraza kinachotazama ziwa. Sipendi kutia chumvi, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Juni hadi Septemba ni kiangazi chenye upepo na vumbi, hewa ya mchana inakauka, na utitiri unajaa chini ya majani. Alokasia nyingi hujibu kwa kuangusha majani na kubaki na shina la chini ya udongo. Wengi hudhani imekufa, wanazidisha maji, shina linaoza. Imelala tu. Inahitaji maji kidogo mno na subira mpaka mvua zirudi. Rafiki zangu wa Tabora, ambao hawana ziwa la kulainisha hewa, wana kiangazi kigumu zaidi, na kwao ningeshauri kila chungu kiwe na beseni la maji na kokoto chini yake.

Lakini jambo linalowaangusha wakulima wengi wa maua mjini kwetu ni maji yenyewe, na ni ajabu jinsi linavyozungumzwa kidogo. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, pH yake inakaribia 9, na yamebeba madini mengi, hasa magnesiamu na bikaboneti. Samaki wetu wa mapambo wamezoea kuishi humo. Alokasia inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5.5 hadi 6.5. Maji yetu ya bomba mjini hutoka ziwani. Ukimwagilia chungu kwa maji hayo mwezi baada ya mwezi, udongo unapanda pH, madini ya chuma yanafungika, mizizi haiyapati tena hata kama yamo, na majani mapya yanatoka ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mbolea zaidi haiponyi. Maji ya mvua ndiyo dawa. Mwenye bati na pipa anaweza kukinga ya kutosha kumfikisha mbali ndani ya kiangazi, maana mmea uliolala hunywa kidogo. Kuhusu udongo, mchanganyiko ninaouamini ni maganda ya mise (kokwa za michikichi) yaliyopondwa, mkaa uliovunjwavunjwa, pumba za mpunga zilizochomwa kidogo na samadi ya zamani kiasi cha ngumi. Maganda ya mise tunayo tele kila palipo na mashine ya kukamua, na yanaacha hewa ipite mizizini muda mrefu kabla ya kuoza.

Umanjano huo wa maji ya ziwa una hatari nyingine: watu wanauuza kama mabaka. Mabaka ya kweli ya kimera hayafuati mishipa. Yanaivuka, yana mipaka mikali, na kila jani lina ramani yake. Umanjano wa kukosa chuma unakaa katikati ya mishipa, pande zote mbili za jani kwa usawa. Kuna na cha tatu, kibaya zaidi: virusi vya mozeki ya magimbi, vinavyoshambulia mimea mingi ya ukoo huu, huchora michirizi iliyopauka iliyosambaa kama unyoya kandokando ya mishipa, na jani mara nyingi hupinda. Mmea wa namna hiyo si wa kununua wala wa kupewa. Uchomwe. Nasisitiza kwa sababu vidukari vinavyonyonya utomvu wake vitaruka kutoka kwenye kibaraza chako hadi kwenye magimbi ya jirani.

Na hapa nina hasira kidogo. Wapo wauzaji wa ng'ambo wanaotuma alokasia kwa bahasha, mizizi imefungwa kwa tishu, kifurushi kimeandikwa kuwa ni kitu kingine, bila kibali cha kuingiza mimea wala cheti cha afya ya mimea. Wapo wanunuzi wetu wanaoona huo ni ujanja. Baa ya majani ya magimbi, inayosababishwa na kimelea Phytophthora colocasiae, iliingia Samoa mwaka 1993 na kuliangamiza zao lililokuwa chakula kikuu na bidhaa ya kuuza nje. Mwaka 2010 iliripotiwa Cameroon, ikawafilisi wakulima wadogo. Kimelea hicho kinaweza kukaa kwenye alokasia pia. Mkoa wetu una magimbi kwenye mabonde na kandokando ya vijito, yanalimwa zaidi na akina mama, yanauzwa mafungu sokoni, yanasaidia miezi ambayo mahindi yameisha ghalani. Mnyauko wa migomba uliripotiwa Kagera mwaka 2006 na tunajua ulivyozitia umaskini nyumba zilizotegemea ndizi. Hakuna jani, hata liwe jeupe namna gani, linalostahili kuhatarisha bonde la magimbi.

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ipo, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ndiyo inayotoa vibali. Utaratibu una gharama na usumbufu, sikatai, na ndiyo maana mtu mmoja mmoja huukwepa. Vikundi vinaweza. Watu kumi wakichanga, wakaomba kibali kimoja, wakaagiza miche iliyo kwenye chupa zilizofungwa kutoka maabara inayotoa cheti, gharama ya kila mmoja inashuka, na hatari ya kimelea, utitiri na minyoo ya udongo inashuka pia, kwa kuwa chupa haina udongo na imeandaliwa bila vijidudu. Virusi vinaweza kupita hata chupani, kwa hiyo maabara iulizwe kama imepima. Mche huohuo wa bei rahisi uliowavunja moyo wakusanyaji wa uadimu ndio ulio salama zaidi kwa mabonde yetu, na ndio unaotupatia kazi ya kulea.

Kwa anayeanza, ningemwelekeza kwenye Alocasia macrorrhizos yenye mabaka meupe. Ni kubwa, ina nguvu, inavumilia makosa, na inatoa vijigimbi vingi. Baginda na azlanii zingoje mpaka mkono uzoee. Miche ifike Novemba, mvua zikiwa zimeshika, ili wiki za kufunuliwa ziangukie kwenye miezi yenye unyevu. Kila chungu kiwe na kibandiko cha tarehe ya kutoka chupani, maji yaliyotumika na idadi ya majani yaliyofunguka tangu hapo, na kibandiko hicho kiende na mmea kwa mnunuzi. Mnunuzi wa Dodoma au Mwanza anayepokea boksi lililosafiri kwa basi atataka kujua kama mmea ulikwisha kuishi nje ya chupa, na jibu liwe limeandikwa ubavuni mwa chungu.